Matundu Thelathini na Saba

Watu wa Kilomoni waliamini kwamba Sévère amepungukiwa kidogo kichwani, na yeye aliwaacha waamini. Bora uitwe kichaa kuliko mulozi, yaani mchawi. Kichaa huachwa, mulozi hufukuzwa kwa mawe. Baba wa miaka hamsini na nane, aliyefiwa na mke, anapiga magoti kila asubuhi kwenye mchanga wa kando ya ziwa, pua karibu na chini, akinong'ona. Wewe ungemwitaje?

Kumbe alikuwa anahesabu buibui. Zamani alichimba mchanga na kuupakia kwenye malori ya wajenzi, miaka kumi na tisa, mpaka siku moja chepe lake lilipokata tundu lililotandikwa hariri, lenye mfuniko wa mchanga. Ndani yake buibui wa rangi ya mchanga alikuwa amekumbatia mayai yake. Sévère aliona haya. Haya, jamani, mbele ya buibui! Hakuchimba tena.

Kisha ziwa likapanda, likameza nyumba na mchanga pamoja. Likabaki tuta moja tu, na wenye malori walikuwa wanalikodolea macho. Louise, binti mtafiti kutoka Bukavu, alimwambia kwamba buibui wale hajawaona kwingine kokote.

"Papa Sévère, Jumanne ninakuja na wakubwa wa serikali. Wakimuona mama mmoja tu mwenye mayai, hapa patafungwa, lori halitakanyaga. Wasipoona kitu, minye sina tena neno la kusema."

"Watamuona," Sévère akajibu. Alikuwa na matundu thelathini na saba, na tusifichane, aliyapenda kuliko alivyowapenda majirani.

Jumatatu akaenda kwa dada yake mkubwa, Pétronille, kiongozi wa akina mama wanaoanika ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, jirani na lile tuta.

"Yaya, kesho iko wageni wakubwa. Wanakuja kuona mchanga wetu."

"Mchanga? Wanatafuta nini mu mchanga?"

Hapo ndipo angesema. Neno moja tu! Lakini aliogopa kuchekwa, na zaidi aliogopa kuitwa mulozi anayefuga buibui. "Wanaangalia tu," akasema. Mficha uchi hazai, wahenga hawakukosea.

Jumanne aliwapokea Louise na wakubwa wawili barabarani, akawaongoza kifua mbele. Walipofika, akasimama ghafla.

Tuta lilikuwa limefagiliwa. Kwani mgeni anapokelewa kwenye uchafu? Akina mama walikuwa wameamka alfajiri na mifagio, wakafagia karibu tuta zima, mistari imenyooka kama nywele zilizosukwa. Wakamwaga na maji ya moto yenye majivu, kuua funza, wageni wasidhurike miguu. Pétronille alisimama mbele, kitenge kipya kiunoni, akingoja sifa.

Louise akapiga magoti, akachimba kwa kijiko. Akatoa hariri iliyojikunja, na buibui mfu, miguu bado imeshika mayai yaliyopikika. Akachimba tundu la pili, la tano, la kumi. Mkubwa mmoja akatazama saa.

"Labda wachache wameokoka ule upande wa matete," Louise akamnong'oneza Sévère, machozi yakimlenga. "Nitawaomba wanipe mwezi mmoja. Lakini pasiguswe, papa. Pasifagiliwe hata mara moja."

Wageni wakaondoka. Pétronille akamjia mdogo wake mbio.

"Mbona yule binti alikuwa analia? Tulikosa wapi?"

Sévère akamtazama. Mikono ya dada yake ilikuwa imebabuka kwa majivu, na uso umejaa wasiwasi. "Ni furaha, yaya. Wote walifurahi. Aksanti sana."

Vigelegele vikapigwa.

"Weye nawe, umetutisha bure!" Pétronille akacheka, akampiga begani. "Basi wakirudi watakuta pazuri zaidi. Tutafagia kila asubuhi. Na ule upande wa matete hatukuumaliza, twende tuumalize sasa hivi, maji bado iko ya moto."

Sévère akafungua mdomo. Nyuma ya dada yake akina mama kumi na mmoja walikuwa wanamtazama, wakicheka kwa raha. Akaufunga.