Sukari Vijiko Vinne

Bahiga alizijua herufi za Kijapani kwa kuzifuta. Miaka ishirini na miwili, kila vipindi vilipoisha kwenye ghorofa ya tatu ya chuo, idara ya Kijapani, aliingia na ndoo yake na kitambaa kibichi akasimama mbele ya ubao, na kabla ya kuufuta aliutazama. Walimu wa zamani walipenda kuandika kutoka juu kwenda chini, mistari ikianzia kulia. Naye alifuta kuanzia kulia, kama mkono wa mtu yeyote wa mji wa Giza aliyezoea Kiarabu unavyokwenda, hivyo maneno yalipotea kwa mpangilio uleule uliotumika kuyaandika. Mstari wa mwisho kushoto ndio uliobaki peke yake, mweupe, na huo aliufuta taratibu kuliko yote.

Vumbi la chaki lilimwangukia mikononi. Alikuwa amesikia darasani kwamba huko Japani kuna mahali theluji hulala juu ya reli hadi treni ikapita kimya kama inakanyaga pamba. Basi alipopiga kifutio dirishani, na vumbi likashuka polepole juani, alijiona yuko kwenye kituo hicho. Amevaa gauni lake jeusi la kila siku, kikapu mkononi, hamsubiri mtu. Treni inakuja bila sauti. Mlango unafunguka. Ndoto yake haikuwahi kufika ndani ya treni, kwa sababu kila mara kuna aliyeita, "Mama Hashim, chai."

Mama Hashim ndilo jina walilompa wote, kwa ajili ya mwanawe aliyekuwa Suez na kupiga simu sikukuu kwa sikukuu. Jina lake mwenyewe lilikuwa kama nguo ya arusi, limekunjwa mahali, halivaliwi. Baba yake alilitumia mpaka binti alipofika miaka tisa, akamtoa shule kule Minya na kumpeleka Kairo kutumika nyumbani kwa watu, ili kaka yake asome. Kaka alisoma. Sasa ni mkaguzi wa elimu, ana miwani ya dhahabu, na akikutana na dada yake msibani humuuliza kama bado anafagia. Mumewe alimwita "wewe". Hata alipomwacha alisema hivyo tu, wewe nenda kwenu.

Tangu hapo mtu mmoja tu alimwita kwa jina lake, naye alikuwa mgeni. Mwalimu Hatsue alikuwa mwanamke mfupi, mwenye nywele zilizokatwa sawa kama kwa rula. Alifika mwaka ambao Bahiga alianza kazi. Siku ya kwanza alimpa kopo la chai ya kijani kutoka kwao, amwandalie kila siku saa nne asubuhi. Bahiga aliipokea kwa heshima na kuipika kama inavyopikwa chai yoyote ya maana: aliichemsha hadi ikawa nyeusi, akatia nanaa, akatia sukari vijiko vinne. Mwalimu alikunywa akainamisha kichwa, akashukuru. Alikunywa vivyo hivyo kila siku mwaka mzima. Mwaka wa pili ndipo mwanafunzi mmoja alipomnong'oneza Bahiga kwamba Wajapani hawatii sukari kamwe, kwao ni kama kutia sukari kwenye supu ya kondoo. Bahiga aliona aibu kwa siku tatu. Akapeleka kikombe cha maji ya kijani matupu, bila sukari wala nanaa. Mwalimu alionja, akaweka chini, akauliza kwa Kiarabu chake cha kuvunjikavunjika, "Bahiga, umenikasirikia?"

Kuanzia hapo vijiko vinne vilirudi, na mazungumzo yakaanza, nusu Kiarabu, nusu Kijapani. Siku moja, darasa likiwa tupu, Mwalimu alichukua chaki akaandika herufi nne, moja chini ya nyingine. Akasema, huyu ni wewe. Bahiga alisimama akijitazama. Shuleni kwao Minya hakuwa amefika kwenye kuandika jina lake lote. Hapa alikuwa mzima, kutoka juu hadi chini, katika lugha ya watu ambao hajawahi kuwaona. Kisha kengele ikalia, wanafunzi wa saa tano wakaingia, na kazi yake ilikuwa kufuta ubao. Akajifuta mwenyewe.

Baada ya miaka sita Mwalimu Hatsue alirudi kwao. Mwaka uliofuata akaja Shahinaz.

Shahinaz alikuwa mwanafunzi kutoka Heliopolis, mtaa wa wenye nacho, binti wa mwenye duka la dawa, mrembo, mwenye njaa ya kila kitu. Hakupenda kula na wenzake. Alikuja kwenye chumba cha chai, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamega mkate na maharagwe ya Bahiga, akauliza. Ulitolewa shule lini? Ulilia? Herufi ya kwanza uliijua vipi? Na sukari ile, hebu nisimulie tena ya sukari. Hakuna aliyewahi kumuuliza Bahiga chochote isipokuwa chai iko wapi, basi alisimulia. Alisimulia majira yote ya baridi kama mtu aliyefunguliwa kamba. Alimwita binti yangu, na alimaanisha.

Masika lilifika shindano la hotuba. Kila mwaka wanafunzi wa vyuo vyote hushindana kusema Kijapani mbele ya waamuzi, na anayeshinda hupelekwa Japani kusoma. Bahiga alisimama nyuma ya mlango wa ukumbi na sinia lake. Akasikia sauti ya Shahinaz, safi kama maji, ikisema: mama yangu ni mfagiaji. Mama yangu alitolewa shule akiwa na miaka tisa. Mama yangu alijifunza kusoma kwa kufuta ubao.

Alielewa kila neno. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Laiti angekuwa hajui, angepita na sinia lake akigawa vikombe. Ndani watu walikuwa wakijipangusa macho. Mwisho Shahinaz alisimulia ya sukari, nao wakacheka huku wakilia, na akashinda.

Shahinaz alikwenda, akarudi, akaenda tena miaka mingi, na aliporudi mara ya mwisho alikuwa Daktari Shahinaz, mkuu wa idara. Kila Oktoba, wanafunzi wapya wanapochagua masomo, aliwakusanya ukumbini kuwavutia wachague Kijapani. Aliwaonyesha kwamba vitabu vya Kijapani hufunguka upande uleule kama vyetu vya Kiarabu, akawaeleza juu ya ufadhili, mabweni na treni, kisha akasimama wima na kutoa hotuba ile. Aliitoa kwa Kijapani wasikie uzuri wake, mhadhiri msaidizi akiitafsiri. Huo ulikuwa mwaka wa sita. Wahadhiri wengine walijua, wakasema hotuba bila chumvi haiendi. Na vijana walijiandikisha kweli, wengine wakaenda hadi huko kwenye theluji. Kwa maisha yake Bahiga watu walipanda ndege.

Mara moja tu alimfuata ofisini. Hakutaka fedha wala cheo. Alitaka siku moja, mbele ya watu, isemwe ni ya nani. Shahinaz alifunga mlango.

"Mama Hashim, mimi nimekutukana? Si nimekuheshimu? Watu wanalia wakikusikia."

"Wanamlilia mama yako," Bahiga alisema. "Mama yako anauza dawa za mafua."

Shahinaz alicheka kidogo, kama mtu aliyepigwa kofi la mzaha, kisha akaanza kupanga karatasi. Mazungumzo yakaisha.

Oktoba hii ikaja habari kwamba Mwalimu Hatsue, sasa mzee, atapita Kairo na atakuwa mgeni wa heshima. Bahiga aliisikia akiwa anaosha vikombe, na kikombe kimoja kikabaki mkononi maji yakimwagika. Kwa wiki mbili aliishi nusu hapa, nusu kwenye kile kituo. Alipopanda ngazi alisikia reli. Katika ndoto hii mpya mlango wa treni ulifunguka na anayeshuka alikuwa Mwalimu, nywele zimekuwa nyeupe kama mahali penyewe, naye Bahiga ana maneno mengi mdomoni lakini hajui aanze na lipi. Alijua jambo moja tu: huyu akija na kuondoka bila kusemwa, basi haitasemwa tena.

Shahinaz naye alijua. Asubuhi ya siku yenyewe alikuja hadi chumba cha chai, mahali alipokuwa hajaingia tangu awe daktari, akasimama kando ya ile ndoo.

"Leo usije ukumbini. Fikri atachukua sinia. Mwaka huu tu, nakuomba."

"Unaniogopa, Daktari?"

"Naogopa wapya. Tukikosa wanafunzi thelathini, darasa la mwaka wa kwanza halifunguliwi. Hata wewe hutakuwa na ubao wa kufuta."

Alisema pia kwamba ameshaitoa sehemu ya sukari, kama vile anampa zawadi. Bahiga alimtazama akitoka, visigino vikigonga korido, akawaza kwamba hajawahi kumchukia mtu aliyekula naye sahani moja kwa muda mrefu namna hii. Kisha akawasha gesi.

Kopo la chai ya kijani lilikuwapo, lile la wageni. Alipima majani, akayachemsha hadi yakawa meusi. Akatia nanaa. Akashika kijiko juu ya kikombe cha mgeni, na mkono ukakaa hewani kidogo. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Akampa Fikri, mlinzi wa mlango, akamwambia hiki ni cha yule bibi peke yake, ukikosea nitakunyima chai hadi Ramadhani.

"Hiki si kikombe, ni kiwanda cha sukari," Fikri alinung'unika.

"Peleka."

Halafu akamfuata, akasimama nyuma ya mlango, palepale aliposimama siku ya shindano.

Hotuba ilikuwa ikielekea mwisho. Mama yangu, mama yangu. Kupitia ufa wa mlango aliona vichwa vya wapya, hijabu za rangi na vichwa wazi, wakisikiliza lugha wasiyoijua kama watu wanaosikiliza mvua. Mbele kabisa aliona kichwa kidogo cheupe. Kikombe kikafika mbele yake. Mwalimu alikiinua kwa mikono miwili, akanywa, akaacha kunywa hapohapo. Hakukiweka chini. Alikishika hivyo kifuani mpaka makofi yakaisha.

Kwa desturi ya hotuba zao, msemaji akimaliza huulizwa maswali, na mgeni ndiye huanza. Mwalimu Hatsue alisimama. Aliongea kwa Kijapani, polepole. Alisema alimjua mwanamke mmoja katika idara hii aliyejifunza kusoma kwa kufuta ubao, na mwanamke huyo hakuwa na binti. Kisha akainua kikombe. Nani ametia sukari hii, na yuko wapi?

Ukumbi ulisubiri tafsiri. Mhadhiri msaidizi aliinamia viatu vyake. Vijana wakaanza kuulizana amesema nini, amesema nini, na Shahinaz akatabasamu lile tabasamu lake la Oktoba.

"Mwalimu anaisifu chai yetu," alisema kwa Kiarabu.

Bahiga alisukuma mlango. Hakuwa amepanga. Alikuwa na kitambaa kibichi mkononi na gauni lake limeloa maji ya vikombe.

"Hakusema hivyo, Daktari," alisema, na sauti yake ilimshangaza kwa utulivu. "Ameuliza aliyetia sukari yuko wapi. Ni mimi. Na hayo maisha mliyosimuliwa ni yangu. Mama yake ana duka la dawa, Mungu ampe afya."

Wengine walicheka, wakidhani ni mchezo uliopangwa. Mwalimu Hatsue hakucheka. Aligeuka, akamtazama, akainama chini kabisa mbele ya watu wote, kikombe bado mkononi, akasema neno moja tu. "Bahiga."

Kicheko kikakatika. Msichana mmoja wa safu ya tatu, mwenye daftari lisiloandikwa kitu, alinyanyua mkono kana kwamba yuko darasani.

"Mama, wewe umemwelewa? Bila shule?"

"Nimemwelewa."

"Miaka mingapi kujifunza?"

"Wewe utajifunza minne, una macho na una kalamu. Mimi nilikuwa na kitambaa."

Shahinaz alikuwa amesimama mbele, mikono imeshuka. Hakukana. Bahiga alimngojea, akahesabu pumzi, akiwa bado na tumaini la kipumbavu kwamba yule msichana wa kwenye ndoo atafungua mdomo. Hakuufungua. Basi Bahiga alikwenda ubaoni mwenyewe, akachukua chaki, akaandika herufi nne, moja chini ya nyingine. Aliwaeleza wapya: huyu ni mimi.

Waliojiandikisha siku hiyo walikuwa thelathini na wanane. Shahinaz hajamsemesha tangu hapo. Chai yake huagiza kupitia kwa Fikri, na mkataba wa Bahiga ni uleule wa mwaka kwa mwaka, kama zamani. Watu wengi bado humwita Mama Hashim. Msichana wa safu ya tatu humwita Mwalimu, kwa utani, lakini hasahau hata siku moja.

Jioni ile ukumbi ulipotulia, vumbi la chaki likawa linashuka kwenye mwanga wa dirisha, na Mwalimu Hatsue akawa amekaa kwenye kiti cha mbele, anamalizia kikombe cha pili. Bahiga alisuuza kitambaa chake, akakikamua, akaenda mbele ya ubao kama alivyozoea. Akaziangalia zile herufi nne. Treni ikasimama bila sauti na mlango ukafunguka. Akakianika kitambaa kwenye ukingo wa ndoo, akaenda kuketi kando ya mgeni wake, na ubao ukabaki vilevile.