Mbuzi Aliyeingia Ukutani bila Hodi

Mama alirudi na komputa ya shule ndani ya kikapu, imefungwa kwa leso mbili, na juu yake ameweka mchicha ili watu wa njiani wasijue alichobeba. Projekta ilikuwa ndani ya mfuko mtupu wa unga. Akavitua vyote mezani, akavua viatu, akaniambia, "Haya mama, nifundishe. Jumatano wanakuja."

Mama yangu ni mwalimu wa nasari hapa Msambweni. Waliokuwa wanakuja ni wageni wa ofisi ya elimu, mwanamume na mwanamke, kumtazama akifundisha kwa picha za ukutani. Shule ilikuwa imeletewa mashine na walitaka kuona inatumika. Lakini kwa mama haikuwa habari ya mashine tu. Tangu mimi nikiwa mdogo anafundisha kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, na kila mwaka ukiisha analala vibaya mpaka aambiwe arudi. Mwalimu mkuu alikuwa amemwambia wazi: akifanya vizuri mbele ya wageni hawa, ataandikwa kazi ya kudumu. Akiharibu, darasa lake litapewa mtu mwingine.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, niko nyumbani tu, na kitu nilichokuwa nakijua vizuri ni slaidi. Nikajiambia kazi hii naimaliza kabla ya chai ya jioni. Wapi!

Somo lilikuwa wanyama tunaowaona kwetu. Mama alitaka slaidi ya kwanza iwe na jina la shule, jina lake, tarehe, mada, malengo ya somo, na mbuzi.

"Mbuzi atakaa wapi?" nikamuuliza.

"Hapo pembeni. Mfanye mdogo."

"Mama, watoto wako hawajui kusoma. Wataona mbuzi tu, tena mdogo kama nzi."

"Na wageni je? Wageni wanajua kusoma."

"Wageni hawaji kufundishwa mbuzi!"

Akacheka. Mama akicheka ujue umeshinda, kwa hivyo nikafuta maneno yote haraka kabla hajabadilisha nia. Tukakubaliana: mnyama mmoja, slaidi moja, ajaze ukuta. Mbuzi nilimpiga picha kwa jirani. Kuku ni wetu. Kaa nilimkimbiza ufuoni mpaka akachoka yeye au nikachoka mimi, sikumbuki. Mbega nilimfuata Diani, na alinigeuzia mgongo karibu picha zote. Ng'ombe ndiye aliyeleta matata. Mama alizaliwa Taru, huko bara kando ya barabara kuu, na ng'ombe wa huku pwani kwake yeye si ng'ombe.

"Huyu mbavu zote ziko nje," akasema. "Ngoja nimpigie mjomba wako."

Mjomba akatuma picha kwa simu. Ng'ombe mzuri kweli, mwekundu, amenona, lakini nyuma yake kuna lori limesimama barabarani. Nikataka kulikata.

"Liache," mama akasema. "Hapo ndipo kwetu."

Jumanne jioni, baada ya Magharibi, tukafanya majaribio kwenye ukuta wa sebuleni. Bibi, mama yake baba, alikuwa amekaa mkekani anachambua mchele, na hakuna aliyemwambia tunafanya nini. Nikazima taa, nikabonyeza. Mbuzi akatokea ukuta mzima, pembe ziko darini.

"Astaghfirullahi!" Bibi akapiga kelele. Ungo ukaenda huku, mchele ukaenda kule, na kandambili yake ikampata mbuzi katikati ya macho. "Toka! Toka! Si mbuzi wa jirani huyu, aliyekula mihogo yangu? Ameingiaje humu ndani, hata hodi hakupiga?"

Tulicheka mpaka mama akakaa chini. Halafu akafuta machozi, akawa anautazama ukuta.

"Watoto wangu nao watashtuka vile vile," akasema. "Nataka kabla ya kila mnyama ukuta uwe mweusi. Mimi nitagonga meza niseme hodi. Watoto waseme karibu. Ndipo umlete."

"Mama, picha haipigi hodi. Slaidi zinakwenda tu, pa, pa, pa."

"Kwa nani? Kwangu mimi mtu haingii pa pa pa."

"Tutachelewa!"

"Basi tutachelewa na adabu zetu."

Nikaziweka hizo slaidi nyeusi katikati ya wanyama, nimenuna, nikiona kazi yangu nzuri inaharibiwa. Kisha nikamfundisha kusimama. Mama alipenda kuzungumza na ukuta. "Unamfundisha mbuzi au unawafundisha watoto?" nikamuuliza, akageuka, na alipogeuka akaingia kwenye mwanga. Pembe za mbuzi zikakaa juu ya kilemba chake.

"Mkaza mwanangu ameota pembe leo," Bibi akasema kutoka mkekani, akiokota mchele. "Nilijua tu."

Nikachora mstari wa chaki sakafuni: ukivuka hapa unaota pembe. Akarudia, na akarudia tena, mpaka sauti ikamkauka. Kabla ya kulala nilimsikia jikoni anagonga sufuria polepole, anajiambia hodi, anajijibu karibu.

Jumatano nilikwenda naye, kwa sababu alisema heri nibonyeze mimi, yeye abaki na watoto. Nilichora tena mstari wa chaki sakafuni, madirisha tukayaziba kwa leso zake na za Bibi, na upepo wa baharini ukawa unaziinua, jua linaingia, linatoka. Wageni walikaa nyuma kwenye vile viti vidogo vya nasari, magoti yamefika kifuani. Nilipowasha projekta, watoto wote wakageuka kuangalia taa ya mashine. Hakuna hata mmoja aliyeangalia ukuta.

"Macho huku kwangu," mama akasema. Sauti ilikuwa ndogo, si yake. Akagonga meza. "Hodi!"

"Karibuuu!"

Mbuzi akaingia. Darasa likalipuka, wanalia mee, wanaruka.

"Mbuzi anakula nini?"

"Majani!"

"Mihogo!" akasema mmoja, na huyo alikuwa mtoto wa jirani yetu, anajua anachosema.

Kuku naye akapiga hodi, akakaribishwa, akaigwa kwa mabawa. Yote yalikwenda vizuri, lakini polepole. Nikamwona yule mgeni wa kiume anaangalia saa. Nikasema hapa mama anapoteza kazi kwa ajili ya hodi. Ukuta ulipokuwa mweusi sikumngoja; nikabonyeza, na kaa akatokea, mkubwa, macho yamesimama.

Halafu msichana mmoja wa mbele akajifunika uso kwa mikono.

"Hakupiga hodi!"

Wote wakajifunika. "Atoke! Mwalimu, atoke nje!"

Mama akanitazama. Ni lile jicho ambalo wakati mwingine hufuatwa na kofi. Nikamrudisha kaa haraka, ukuta ukawa mweusi, na nikaona mama anavuta pumzi, na mabega yanashuka.

"Watoto," akasema, na sasa ilikuwa sauti yake ya kila siku, ile ya nyumbani. "Kaa ana haraka. Wapo watu wa namna hiyo, hata kwangu nyumbani ninaye mmoja. Tumsamehe?"

"Ndiyooo!"

"Kaa, uko nje? Unasemaje?"

Darasa zima likamsaidia kaa kugonga madawati. "Hodiii!"

Mgeni wa kiume alikuwa amefunika mdomo kwa mkono, na saa ameisahau. Tangu hapo mama hakuwatazama tena wale wageni. Ng'ombe alipoingia watoto wakapiga kelele "Lori!", na mama akawaeleza jinsi alivyokuwa akingoja na ng'ombe wa baba yake kando ya barabara ya Mombasa mpaka malori yapite, jambo ambalo hatukulipanga na mimi mwenyewe nilikuwa silijui. Alivuka mstari wa chaki akisimulia. Ng'ombe mwekundu akamlalia begani, na nikaacha hivyo hivyo.

Wageni wakashukuru, wakatoka. Muda si muda mlango ukasogea kidogo. Yule bwana alikuwa amesahau miwani yake kwenye kiti. Akaingiza mguu, akausimamisha, akaurudisha nje. Akagonga.

"Hodi?"

"Karibuuu!"

Mchana mwalimu mkuu alimwita mama ofisini. Nilimngoja mlangoni na kikapu, sikuweza kukaa. Alitoka akitembea taratibu, akanipita, akafika chini ya kivuli cha ukuta, ndipo akasema, "Wameniandika," na akajifuta uso kwa pembe ya leso.

Nyumbani alimsimulia Bibi yote, mpaka habari ya miwani. Bibi akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Kwa hivyo mbuzi yule amekupatia kazi," akasema. "Vizuri. Na mihogo yangu?"