Mkia wa Methali ya Baba

Ilikuwa Jumamosi, saa kumi na dakika ishirini alasiri, sebuleni kwetu Grand Prairie, huku ughaibuni, siku ya nne tangu Baba afariki. Watu wa kanisa walikuwa wamejaa kwa maombi. Mama akaninong'oneza, "Simama useme kidogo tu, mtoto wangu."

Mimi siongei mbele ya watu. Lakini nilitaka wamsikie Baba wa nyumbani, maana kanisani alikuwa mnyamavu kama mimi. Kwetu, kila methali aliiongezea mkia. Akitoka kazini kwenye ghala, alivua viatu na kusema, "Haraka haraka haina baraka, lakini polepole bosi anakufuta kazi."

Nikasimama. "Baba alipenda kusema, haraka haraka..." Nikavuta pumzi. Nilisahau kwamba kwa Wakenya, ukiacha methali katikati, chumba kizima kinakumalizia.

"Haina baraka!" wakaitikia.

"Amina," mzee mmoja akasema. "Marehemu alikuwa mtu wa hekima, siyo wa mzaha."

Mkia ukanikwama kooni. Nikakaa. Wakaanza wimbo, nami nikalia kwa sababu walikuwa wanamwombolezea mtu mwingine kabisa.

Asubuhi nilimkuta Mama jikoni, akitazama ndizi za wageni ambazo hakuna aliyezigusa tangu Jumatano.

Nikasema, "Mama, mvumilivu hula mbivu, ila zetu zimeoza."

Aligeuka. "Wewe ni mtoto wa baba yako!" Akacheka mpaka akashika sinki, kisha kicheko kikageuka kilio. Nikazima jiko, maana chai ilikuwa inafurika, nikamkumbatia.