Mguu Wangu na Bismillahi ya Bi Zuwena

Harufu ya mafuta ya simsim yaliyopashwa moto na karafuu haijanitoka puani hadi leo. Ndiyo iliyonipokea kila asubuhi nyumbani kwa Bi Zuwena, mkandaji na mke wa muuza vitambaa wa Quartier Asiatique, mtaa wa maduka ya Waasia, ambako Mama, mshonaji wa Nyakabiga, alizoea kununua uzi. Nilikuwa na miaka minane. Malaria ilikuwa imenilaza, muuguzi mmoja akanidunga sindano ya kwinini kwenye tako, ikachoma mshipa wa fahamu, na homa ilipoondoka ikaniachia mguu wa kulia unaoburuzika kama ndala iliyokatika mkanda. Watu wakiniona nachechemea husikitika na kusema, "Ah, vita." Hapana! Nimechoka kuitikia kwa kichwa, na leo nitasema.

Kabla ya Bi Zuwena nilipita mikono mingine. Wa kwanza alikuwa kine, mtaalamu wa viungo wa zahanati, aliyeninyunyizia poda nyeupe, akaukanda mguu kuanzia kisiginoni kwenda juu ili damu irudi moyoni, kisha akanikunjisha goti huku akihesabu kwa Kifaransa. Wa pili alikuwa Bibi, mama yake Mama, aliyeshuka kutoka mlimani na kibuyu cha siagi ya ng'ombe iliyochacha, ambayo harufu yake ilimfanya hata paka atoke ndani. Yeye alikanda kutoka nyongani kwenda chini, ili ugonjwa utokee vidoleni. Kine alimcheka Bibi, Bibi akamwita kine mpaka unga, na mimi niliyekuwa katikati nilijua tu kwamba mikono yote miwili ilikuwa na joto. Kisha barabara ya zahanati ikafungwa, kine akakimbilia ng'ambo, na njia ya mlimani ikawa haipitiki. Hayo nayahesabia vita, na sijavisamehe.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Mama aliinama. Alinibeba mgongoni mpaka nyumba iliyokuwa nyuma ya duka, asubuhi zile ambazo mji ulikuwa umetulia. Bi Zuwena aliutazama mguu wangu, akaubinya, akasema, "Mama Keza, hii mushipa haiyakufa, imelala tu. Uniletee mutoto kila siku, Ijumaa tu ndiyo apana." Alinilaza kwenye mkeka, akanikandamiza kwa kifuko cha chumvi ya moto, kisha akamimina mafuta kiganjani, akasema "Bismillahi," na dole gumba lake likaanza kuzunguka taratibu, pale pale, bila haraka ya kwenda juu wala chini. Haba na haba hujaza kibaba. Katika wiki ya tano kidole changu kikubwa cha mguu kilicheza. Mama alilia, Bi Zuwena akanipa tende, nami nilikichezesha tena na tena njia nzima ya kurudi nyumbani.

Nilimwonyesha kila mtu, na hapo ndipo nilipojiponza. Mama Domitila, kiongozi wa kikundi chetu cha maombi, alikuja kutuona. Hakukitazama kidole changu. "Mama Keza," alisema, "ile mafuta banaisomea maneno ya kwabo. Muzazi wa mu groupe yetu hatembei kule. Uchague." Kesho yake Mama alimwomba Bi Zuwena anikande bila kusema neno lile. Bi Zuwena alifunika chupa yake polepole. "Mi sina neno lingine la kuanzia kazi," alijibu. "Jina la Mungu litamuumiza mutoto namna gani?" Mama akanibeba, na hatukurudi tena. Badala yake wanawake wa kikundi waliniwekea mikono mguuni, wakapaza sauti, wakatetemeka. Mikono kumi, na hakuna hata mmoja ulionibinya. Baada ya miezi michache kidole kiliacha kucheza.

Mimi mwenyewe sasa ni kine, na kazi imenifundisha kutojigamba: sisemi mafuta yale yangeuponya mguu wote. Nasema ulikuwa umeanza. Milango miwili ilifungwa na vita, na wa tatu tuliufunga sisi wenyewe, kwa mikono iliyokuwa imeshika rozari. Kikulacho ki nguoni mwako. Siku hizi hoteli za ufukweni zina orodha ndefu ya kukandwa, kwa mtindo wa Wachina, wa Wahindi, wa Waarabu, na waumini wetu hulala pale wakisinzia bila kumuuliza mkandaji anasali kwa nani. Hasira hunipanda kila nikiipita hoteli.

Mwezi uliopita Mama Domitila aliletwa kwangu, mzee, mgongo umemkaza. Aliniangalia nikichechemea kuelekea mezani, akatikisa kichwa. "Pole, mwanangu. Vita ilituharibia batoto." Nilipasha mafuta ya simsim, nikatia karafuu, nikamimina kiganjani, na mimi niliyebatizwa nikasema kwa sauti ya kusikika, "Bismillahi."

Mgongo wake ulishtuka chini ya viganja vyangu. Nikangoja ainuke. Hakuinuka. Alifumba macho akasema, "Hapo, mwanangu, kanda hapo," na nikamkanda. Yeye alikuwa na ruhusa ya kuchagua. Mimi nilikuwa na miaka minane, na hakuna aliyeniuliza.