Presha ya Baba Elsie

Joram Wasike alikuwa na miaka arobaini na miwili daktari alipomfunga mkanda mkononi, akapima presha, akapima tena, kisha akamwambia kwamba akiendelea vile hatafika hamsini. Ilikuwa mwaka wa 1970. Kaka yake mkubwa alikuwa ameanguka akipalilia mahindi kwao Kimilili na hakuamka, kwa hiyo Joram hakuhitaji maelezo mengi.

"Acha nyama na mafuta," daktari alisema. "Punguza chumvi. Kula mboga, maharagwe, matunda. Na kila siku ukimbie, au utembee haraka mpaka utoke jasho."

"Daktari, mimi sina nafasi."

"Basi itafute."

Kweli hakuwa na nafasi. Alikuwa karani mkuu wa kampuni ya uchukuzi karibu na gati la Kisumu. Alikuwa mzee wa kanisa, na katibu wa chama cha watu wa kwao waliohamia mjini. Lakini alikuwa mtu wa mipango. Jioni ile, katika nyumba yao ya vyumba viwili pale Kaloleni, alimketisha mkewe Nasambu akamweleza siku yake itakavyokuwa. Ataamka jua halijachomoza akimbie hadi ziwani na kurudi. Akirudi akute maji ya moto na uji wa wimbi. Mchana atatembea kuja kula nyumbani badala ya kukaa ofisini, na kwa kuwa mapumziko ni mafupi, chakula kiwe mezani. Jioni, kabla ya mikutano, atanyoosha viungo uani.

"Sawa, Baba Elsie," Nasambu alisema.

Yeye alikuwa na kibanda cha njugu soko la Kibuye na kipande cha shamba kando ya Mto Auji. Alikuwa mwanamke wa kucheka, mwenye sauti nzito iliyobeba kwaya nzima siku ambazo wengine walikuwa na mafua. Kabla ya presha ile, chakula cha nyumba yao hakikumsumbua. Nyama ilitiwa sufuriani ikachemka, samaki aliletwa mlangoni na wanawake wa Dunga, ufuoni, na ugali ukasongwa. Sasa yalikuwa mambo mengine. Osuga, ule mnavu mchungu, na majani ya kunde vilichumwa asubuhi, vikachambuliwa jani kwa jani, vikachemshwa na kumwagwa maji ya kwanza ili uchungu upungue. Simsim ilikaangwa, ikatwangwa, ikasagwa juu ya jiwe mpaka ikawa laini ya kupaka mboga. Maharagwe yaliloweshwa jana yakala makaa leo. Na kwa vile watoto walilia samaki, alipika mara mbili.

Mwanzoni majirani walicheka. Mwanamume mzima, karani, anakimbia na kaptura na hakuna anayemfukuza. Kisha kitambi cha Joram kikaanza kuondoka. Uso ukang'aa. Alipopanda ngazi za ofisi vijana walibaki nyuma wakihema. Watu wakaanza kumwuliza siri, naye akapenda kuulizwa. Siku moja baada ya ibada, kundi la wanaume limemzunguka, alisema, "Watu husema hawana muda. Mimi nina kazi kuliko nyinyi wote. Ni kujipanga tu."

Nasambu alikuwa amesimama nyuma yao, kapu kichwani, akimngoja waende nyumbani.

Ndugu za Joram walipokuja kutoka Kimilili, Nasambu aliwachinjia kuku kama ipasavyo. Joram alisukuma bakuli kando akala mboga yake. Wageni walitazamana. Hawakumwambia yeye neno. Walimfuata Nasambu jikoni.

"Unamlisha ndugu yetu majani kama mbuzi," mkubwa wao alisema. "Ona shingo yake. Watu watasema tulimwoza mwanamke mchoyo."

"Ni daktari aliyesema."

"Daktari hapiki."

Usiku huo alimweleza mumewe. Joram alicheka akasema watazoea, akalala, kwa sababu angeamka mapema.

Beldina, jirani wa mlango wa pili, ndiye aliyeona miguu. Walikuwa wawili uani wakichambua mboga, mwaka wa nne wa mipango ile, na Nasambu amevua viatu kwa sababu havikumwingia tena.

"Mama Elsie, miguu imevimba."

"Ni kusimama sokoni."

"Na hiyo leso unayojifunga kichwani kila siku?"

"Kichwa kinauma huku nyuma. Nikimeza Aspro kinatulia."

"Nenda upimwe."

"Nikienda asubuhi, nani atamwekea maji? Nikienda mchana, nani atapika?"

Beldina alisogeza mboga kando. "Mwambie atembee nawe asubuhi basi. Au ukae tu yeye akikimbia. Mtu hupumzika."

Nasambu alimwambia. Alingoja Joram amalize uji, akamwuliza kama naye anaweza kuwa anatoka kidogo, watembee pamoja hadi ziwani. Joram alishangaa, bila ubaya wowote.

"Wewe? Wewe unatembea kutwa, Mama Elsie. Sokoni, shambani, mfereji. Mazoezi ni ya sisi tunaokaa kwenye kiti."

Mwezi huohuo Joram alimpeleka kwa daktari, si kwa ajili ya miguu, bali kwa sababu daktari alitaka kumwona mwanamke aliyepika hivyo. Presha ya Joram ilikuwa imeshuka kabisa. Daktari alimpa Nasambu mkono.

"Mama, umemwokoa mzee. Wangekuwa wote kama wewe, mimi ningefunga zahanati."

Mkanda wa kupimia ulikuwa bado mezani. Nasambu aliutazama. "Na mimi naweza kupimwa?"

Daktari alimtazama Joram. Joram alitazama saa.

"Tutarudi siku nyingine," alisema. "Nachelewa kazini."

Daktari aliukunja mkanda akautia kwenye kisanduku chake.

Nasambu alianguka kabla ya mvua za masika, asubuhi, akisaga simsim. Elsie, binti yao mkubwa, alikuwa ndani akivaa sare ya shule. Alisikia jiwe likigonga chini akadhani limemteleza mama. Beldina ndiye aliyemgeuza, akaona mdomo umeenda upande. Walipokuwa wakitafuta gari, Joram aliingia uani kutoka ziwani, fulana imelowa jasho, na kabla hajaona watu alisema, "Mama Elsie, maji yako tayari?"

Nasambu alikufa njiani. Daktari aliyempokea alisema ni mshipa wa kichwani uliopasuka, na kwamba presha ile haikuanza jana, pengine alikaa nayo miaka.

Walimzika Kimilili. Kaka yake Nasambu, aliyeitwa Wakhisi, alimwita Joram kando ya ukuta wa nyumba.

"Dada yangu alikuwa mgonjwa?"

"Hakusema."

"Sikuulizi alisema nini. Nakuuliza alikuwa mgonjwa?"

Wakhisi alimngoja, kisha akaenda kuwasaidia waliobeba viti.

Mwaka uliofuata Elsie alipata nafasi katika shule ya bweni upande wa Maseno. Joram alimketisha mahali alipokuwa akimketisha mama yake.

"Mwanangu, subiri mwaka mmoja. Nyumba haina mtu wa kupika. Unajua mimi chakula changu si cha kununua hotelini. Nikirudi kula ovyo, mtapoteza wazazi wawili."

"Sitakaa, Baba."

"Sikulazimishi. Nakuomba."

"Mama pia ulimwomba," Elsie alisema, na sauti haikupanda hata kidogo. "Mimi nakwenda."

Mjomba wake ndiye aliyemnunulia sanduku na blanketi. Beldina alimsindikiza hadi kituo cha basi akamfungia njugu kwenye karatasi.

Siku ya wazazi Joram alikuja. Alitembea kutoka barabara kuu jua likiwaka, amenyooka, mwembamba, hahemi, na mwalimu mmoja akamwambia Elsie kwamba baba yake anaonekana kijana. Walikaa kwenye nyasi. Joram aliuliza masomo, Elsie akajibu.

"Siku hizi najipikia maharagwe," Joram alisema mwishowe. "Kukimbia sijapata nafasi tangu mwezi uliopita. Sikujua yanakula muda hivyo."

Elsie aling'oa jani moja la nyasi, akang'oa jingine. Kengele ilipolia alisimama, akampa baba yake mkono kwa heshima kama mgeni, akaenda kuosha sahani za bweni lao.