Gololi Zangu za Udongo

Nyani walikuwa wanatumalizia mahindi hapa Nyakisasa. Mume wangu aliwapiga kwa manati, lakini aliokota mawe ya kila umbo, nayo yakaenda yanakotaka yenyewe. Mimi nikafinyanga gololi za udongo wa kichuguu, zote za ukubwa mmoja, nikazikausha kivulini zisipasuke.

"Mama, unapika maandazi?" mume wangu akanicheka.

Nikachukua manati yake. Shambani nikavuta mpira mpaka sikioni, kila mara palepale. Gololi ya kwanza ikapita juu kidogo, ya pili ikalipata dume la nyani matakoni. Kundi zima likatimka, mahindi yakapona.

Jioni nikamkuta mzee wangu kwenye kilabu cha pombe akisimulia kwamba ni yeye aliyelilenga lile dume. Nikamkabidhi manati.

"Haya baba, toka nje utuonyeshe."

Akasema kiuno kinamuuma.