Risasi Kwenye Maharage ya Shangazi

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na akicheka mtaa mzima unajua. Mwaka ule alipanda maharage uani, akayabembeleza kama wajukuu, nayo yakatoka manjano, yamedumaa, yanatia huruma. Akaongeza samadi. Wapi! Mwishowe akamwita bwana shamba, naye akachota udongo akaenda kuupima.

Aliporudi, uso ulikuwa mzito. "Mama, udongo wako una risasi nyingi."

"Risasi!" Shangazi akaruka, pini alizobana mdomoni zikamwagika. "Nani kampiga nani?"

"Siyo ya bunduki, mama. Ni madini, yale yanayotumika kwenye betri za magari."

Sote tukamgeukia mumewe. Fundi betri mstaafu, miaka yote akipasulia betri palepale uani. Mzee akaviangalia viatu vyake kana kwamba ndiyo kwanza anaviona.

Bwana shamba akang'oa mche. "Mizizi ya maharage huwa na vinundu. Humo wanaishi bakteria wanaonasa naitrojeni hewani, wakaulisha mmea. Angalieni hapa: mitupu! Risasi imewamaliza. Na msile chochote kilichoota hapa."

"Mume wangu," Shangazi akasema, "yaani umewaua wapishi wa maharage yangu?" Akajikaza asicheke, akashindwa, akaketi chini kabisa na kushika mbavu.

Hukumu ikatolewa papo hapo. Ua ukamwagiwa zege kuifunika risasi, na mzee akabebeshwa udongo safi, ndoo baada ya ndoo, hadi juu ya paa bapa la nyumba, huku akihema kama pampu mbovu. Bwana shamba akaleta unga mweusi wenye bakteria hai. Shangazi akaupaka kwenye mbegu kwa maji ya sukari, akazipanda kwenye ndoo zilezile, akiwaimbia bakteria.

Maharage yakaota kijani, yamenona, yana kiburi. Asubuhi moja Shangazi akafukua mche, akaona vinundu vimejaa tele. Akapasua kimoja kwa ukucha: ndani waridi kama ufizi wa mtoto, rangi ambayo bwana shamba alisema ni dalili kwamba bakteria wako kazini!

Yowe alilopiga! Mteja aliyekuwa chini akijaribu gauni akapanda ngazi mbio akiwa amevaa mkono mmoja tu wa gauni, akidhani kuna moto. Akakuta watu wanacheza, akaingia naye bila kuuliza.

Mzee peke yake alikuwa amepiga magoti kando ya ndoo moja. "Karibuni, wakubwa," aliunong'oneza mzizi. "Mniwie radhi kwa yaliyopita."

Shangazi akamshika kiuno, akamzungusha hadi kofia ikaruka barabarani.